Umekanyaga msumari? Fanya hivi mapema kabla pepopunda haijakuwahi

Nianze na shemeji yangu maana yeye ndo amenifanya nikae chini niandike hii. Ni fundi ujenzi, walikuwa saiti moja huku Kibaha wanavua mbao za zege, akakanyaga ubao una msumari umesimama, mguuni kavaa ndala, msumari ukapita ndala ukazama kwenye unyayo. Akauchomoa, akachukua ndala ile ile akapigapiga pale ili damu mbaya itoke, akaomba mafuta ya taa kidogo akamwagia, akarudi kazini. Siku ya tatu kidonda kimefunga hata hachechemei. Siku ya tisa asubuhi anamwambia dada yangu mbona taya linanibana nashindwa kutafuna chapati, wakajua ni jino, wakanunua dawa ya maumivu duka la dawa. Kesho yake shingo imekaza, jioni mwili mzima unakaza kama gogo na yeye anatuangalia tu, akili timamu, anasikia kila kitu, ila mdomo haufunguki. Alilala hospitali wiki tano. Amepona namshukuru Mungu, lakini nilichokiona kwenye ile wodi sitaki mtu mwingine akione kisa msumari.

Kuna kitu kiliniuma zaidi. Nesi alipouliza kama mgonjwa aliwahi kuchomwa sindano ya pepopunda, dada akarudi nyumbani kutafuta makaratasi, kadi aliyoikuta ni yake mwenyewe ya kliniki ya ujauzito, sindano zote tano zimejazwa tarehe. Mumewe hana hata moja ya ukubwani, na za utotoni hakuna anayejua kama zilikamilika. Nyumba moja, mama ana kinga, baba hana, na baba ndo anayeshinda kwenye misumari.

Na sio kwao tu, ndo ilivyo kwenye nyumba nyingi huku kwetu. Watoto wote wa kike na wa kiume wanachomwa wakiwa wachanga, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ile chanjo moja yenye kinga za magonjwa matano, pepopunda ikiwemo. Kinga yake inapungua miaka ikienda. Mwanamke akija kubeba mimba anachomwa tena kliniki, mwanaume hana kliniki ya kumkumbusha. Ndo maana hata kwenye tohara za hiari za kuzuia VVU huku Afrika Mashariki na Kusini walijitokeza wanaume wachache waliopata pepopunda baada ya kutahiriwa, mpaka Shirika la Afya Duniani likashauri suala la chanjo hii liangaliwe kwa wanaokwenda kutahiriwa. Kwaiyo naandikia watu wote ila wanaume wenzetu, mafundi, wakulima, wafugaji, bodaboda, nawaomba msome mpaka chini.

KWANZA UJUE UNAPAMBANA NA NINI

Watu wengi wanaamini pepopunda inaletwa na kutu. Ndo maana mtu akichomwa na msumari mpya unaong'aa anasema huu hauna shida. Jamani kutu yenyewe haina huo ugonjwa. Kinacholeta ni bakteria anaitwa Clostridium tetani, na makazi yake ni udongo, vumbi, na mavi ya wanyama, ng'ombe, mbuzi, farasi, kuku, hata ya binadamu. Akiwa nje anajifungia kwenye kijibegu kigumu sana ambacho wataalamu wanaita spora, kinakaa ardhini miaka, jua halikiui, spiriti haikiui, na kuchemsha maji ya kawaida hakukimalizi, hospitalini vifaa vinachemshwa kwa mvuke wa presha kwenye nyuzi 121 ndo kinakufa. Msumari wenye kutu unatisha kwa sababu kwa kawaida umekaa chini kwenye uchafu, basi. Mwiba wa mchongoma, mfupa wa samaki, kipande cha bati, jembe, wembe uliodondoka chini, vyote vinaweza.

Kitu cha pili ni hewa. Huyu bakteria hapendi hewa ya oksijeni. Ukijikwangua goti juu juu, hewa inaingia, damu inatoka, anapata shida. Lakini tundu dogo la msumari linaloingia ndani na kufunga juu haraka ndo nyumba yake, kule ndani hakuna hewa, nyama imeponda, spora inaamka, inazaliana na kutoa sumu. Kwaiyo kile kidonda unachokidharau kwa sababu ni katundu tu na hakitoi damu ndo cha kukiogopa kuliko mchaniko mkubwa unaoonekana.

Sumu hiyo inasafiri kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka kwenye uti wa mgongo. Huko kuna ishara ambazo kazi yake ni kuiambia misuli legea, sumu inazizima hizo. Msuli unabaki na amri ya kukaza tu, hauna wa kuulegeza. Na sumu ikishashika kwenye mshipa wa fahamu hakuna dawa ya kuitoa, mwili wenyewe ndo unajitengeneza upya taratibu, wiki mpaka miezi. Hii ndo sababu nasisitiza kuwahi.

Mengine yanayosahaulika kwamba nayo ni mlango: funza za miguuni, hasa zikitobolewa na pini moja inayozunguka familia nzima, kuungua moto, majipu, sikio linalotoa usaha muda mrefu, jino bovu, chale, kutoga masikio, tohara ya kienyeji, kutoa mimba kienyeji, sindano za kuchomwa mtaani na mtu asiye na vifaa safi, mfupa uliovunjika ukatokeza nje kwenye ajali ya boda. Kuna wagonjwa wanaofika hospitali na kidonda hakionekani popote, kilishapona zamani.

HATUA YA 1: DAKIKA ZA MWANZO

Kama damu inatoka kwa wingi bonyeza na kitambaa kisafi, bonyeza bila kuachia dakika kumi hivi, usichungulie chungulie. Kama kilichokuchoma ni kikubwa na kimezama, mfano nondo tumboni au kwenye paja, USIKICHOMOE, kifunge kisicheze na uende hospitali nacho hivyo hivyo, maana huenda chenyewe ndo kimeziba mshipa. Msumari wa kwenye unyayo watu huwa wanauchomoa wenyewe, sawa, lakini uangalie, umetoka mzima au ncha imebaki? Na angalia ndala yako au soksi, kuna kipande kimekosekana? Msumari ukipita kwenye ndala unasukuma vipande vya raba na uchafu mpaka ndani ya mguu, hiki kitu watu hawakijui kabisa, kidonda kinafunga juu huku raba iko ndani. Kama kipande hakionekani mwambie daktari moja kwa moja, raba imekosekana kwenye ndala yangu, asije akaosha juu juu akakufunga.

Na ile kupigapiga na ndala muache. Unaponda nyama zaidi na ndala yenyewe imetoka kukanyaga uchafu ule ule.

HATUA YA 2: OSHA, OSHA TENA

Nawa mikono yako kwanza kwa sabuni. Halafu osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni ya kawaida, ya kufulia ya mche inatosha, dakika tano mpaka kumi, angalia saa kabisa maana dakika moja ya mtu mwenye maumivu anaiona kama kumi. Kama hakuna bomba tumia maji ya kunywa, chukua chupa safi ya maji, toboa kifuniko kwa pini safi, kisha ibane maji yatoke kwa nguvu kama bomba dogo uelekeze kwenye kidonda, inasukuma mchanga na udongo vizuri kuliko kumwagia na kikombe. Lengo ni kutoa uchafu. Hakuna dawa ya kuweka juu inayofanya kazi ya maji mengi.

Kama umeng'atwa na mbwa, paka au mnyama mwingine, osha dakika 15, na hapo una magonjwa mawili ya kuwaza, kichaa cha mbwa nacho kina chanjo yake, nenda siku hiyo hiyo.

Sasa vitu vya KUTOWEKA. Hapa nitakuwa mkali kidogo maana nimeona vingi. Mavi ya ng'ombe, udongo, majivu, masizi, utando wa buibui, hivi ni kumpelekea huyo bakteria mlangoni kwa mkono wako. Mafuta ya taa, petroli, oili chafu ya gereji, maji ya betri, hivi vinaunguza nyama, na nyama iliyokufa haina hewa, bakteria anashukuru. Dawa ya meno, sukari, majani ya chai, unga wa zile kapsuli za rangi mbili unaofunguliwa na kumwagiwa juu, navyo vinaziba tu uchafu ubaki ndani. Gundi ya kubandika ndo usiseme. Najua bibi zetu walitumia baadhi ya hivi na wapo waliopona, lakini waliozikwa hawapo kutusimulia.

Ukimaliza kuosha, kausha pembeni, weka gozi safi au kitambaa kilichofuliwa na kupigwa pasi, funga kwa kulegea. Katundu ka msumari usikazibe na plasta ya kubana hewa kabisa.

HATUA YA 3: NENDA KITUO CHA AFYA SIKU HIYO HIYO

Usisubiri kivimbe. Usaha sio kipimo hapa, kidonda cha pepopunda kinaweza kuwa kikavu na kizuri kabisa huku sumu iko njiani. Ukifika sema mambo matatu: umechomwa na nini na wapi, imepita masaa mangapi, na mara ya mwisho kuchomwa sindano ya pepopunda ni lini na ni ya ngapi. Kama hujui sema sijui, usione aibu, kusema "nadhani nilichomwa" kunaweza kukukosesha sindano unayoihitaji. Asiyejua anahesabiwa kama hajachomwa.

Utaratibu unaotumika sehemu nyingi ni huu. Kama uliwahi kukamilisha angalau sindano tatu na kidonda ni kidogo na kisafi, unachomwa nyingine kama imepita miaka 10 tangu ya mwisho. Kama kidonda ni kichafu, kirefu kwenda ndani, kimeponda nyama, kina udongo au mavi, unachomwa kama imepita miaka 5. Kama hukuwahi kukamilisha tatu au hukumbuki, na kidonda ni kichafu, unahitaji vitu viwili tofauti kwa siku moja, na hapa ndo watu wanachanganya sana nivumilie nieleze.

Chanjo inafundisha mwili wako kutengeneza kinga, na kama hukuwa na msingi inachukua wiki kadhaa kupata kinga ya maana. Sasa kidonda ni cha leo. Ndo maana kuna sindano nyingine ambayo ni kinga iliyotengenezwa tayari, inaitwa TIG, inafanya kazi hapo hapo inapokutana na sumu ambayo haijashika kwenye mishipa ya fahamu, ila baada ya wiki chache inaisha mwilini. Kuna na ya zamani inaitwa ATS inayotokana na farasi, hiyo inaweza kuleta mzio mkali kwaiyo lazima upimwe kwanza kwa kidogo kwenye ngozi na ubaki pale kituoni uangaliwe. Kwaiyo moja inakulinda sasa hivi, nyingine inakulinda mbele, na zinachomwa sehemu tofauti za mwili. Zahanati ndogo inaweza isiwe na TIG, waulize wakuelekeze hospitali ya wilaya au ya mkoa, usiridhike na kuambiwa haipo ukarudi kulala.

Halafu ujue sindano ya antibiotiki SIO sindano ya pepopunda. Nimeona mtu anatoka duka la dawa amechomwa kitu, anasema nishachomwa ya tetanasi (ndo pepopunda hiyo hiyo), ukiangalia risiti ni antibiotiki. Uliza jina. Siku hizi chanjo inayotumika vituo vingi ni Td, inakinga pepopunda na dondakoo pamoja, zamani ilikuwa TT.

Daktari au nesi atasafisha kidonda vizuri zaidi, sa ingine atakipanua na kukata nyama iliyokufa. Inauma lakini muache afanye, anaondoa nyumba ya bakteria. Kidonda kichafu cha kuchoma anaweza akakiacha bila kushona, usimlazimishe ashone ili kipendeze.

Umechelewa? Imepita siku mbili, tatu, wiki? Nenda tu. Ugonjwa huu kwa kawaida unachukua siku 3 mpaka 21 kujitokeza, wengi kwenye siku ya nane hivi, kwaiyo muda wa kufanya kitu unaweza ukawa bado upo.

HATUA YA 4: WIKI TATU ZA KUJICHUNGUZA

Andika tarehe uliyoumia, weka alamu kwenye simu, waambie unaoishi nao. Kwa wiki tatu kila siku asubuhi fungua mdomo mbele ya kioo mpaka mwisho. Kama vidole vyako vitatu vilikuwa vinaingia vimesimama kati ya meno na leo havipiti, usingoje kesho.

Dalili inayoanza kwa wengi ni taya. Sio maumivu makali mwanzoni, ni kubana, kama umetafuna muwa siku nzima. Kisha kumeza kunakuwa shida, shingo inakaza, uso unakaza mpaka mtu anaonekana anatabasamu kwa nguvu na nyusi zimepanda juu, hilo tabasamu ukiliona hulisahau. Tumbo linakuwa gumu kama ubao. Mgongo unakaza na kupinda kwa nyuma kama upinde. Halafu yanakuja mashambulizi ya kukaza mwili mzima, na yanachochewa na vitu vidogo, mlango kubamizwa, taa kuwashwa, mtu kumgusa. Jasho jingi, homa, moyo unakimbia, presha inapanda na kushuka. Wengine inaanza kidogo, misuli ya karibu na kidonda tu ndo inakaza na kurukaruka, hiyo nayo usiidharau inaweza kusambaa. Kitu kingine, dalili zikitokea mapema sana baada ya kuumia mara nyingi ugonjwa unakuwa mkali zaidi.

Hatari kubwa ni misuli ya koo na kifua. Ikikaza, mtu hapumui.

Watu wanaichanganya na mengi. Wanadhani ni jino, tonsesi, malaria iliyopanda kichwani, degedege, homa ya uti wa mgongo. Kinachosaidia kutofautisha na degedege ni kwamba mgonjwa wa pepopunda anakuwa na fahamu zake, anakusikia, anaelewa, anaumia huku anajua. Hilo ndo linalotesa. Na jina lenyewe lina pepo ndani yake, kwaiyo ukoo ukikaa kikao kuna mzee atasema huyu kachezewa, apelekwe kwa mtaalamu akapungwe. Mzee umheshimu lakini gari liende hospitali. Ngoma na makelele ya kupunga ndo vitu vinavyoamsha mashambulizi.

HATUA YA 5: DALILI ZIMESHAANZA

Hapa usipitie zahanati kama unaweza kwenda moja kwa moja hospitali kubwa yenye chumba cha wagonjwa mahututi, maana anaweza kuhitaji mashine ya kupumulia. Piga simu mbele waulize kama wanayo.

Usimpe chakula wala maji wala vidonge, atapaliwa. Usijaribu kumfungua mdomo kwa kijiko, utamvunja meno na utamuamshia shambulio. Mlaze ubavu, muwe wachache, zima redio, punguzeni mwanga, msimtikise, msimkande misuli. Tumieni gari na sio bodaboda, mtu akikaza akiwa kwenye pikipiki mnaanguka wote. Dereva apunguze mashimo na honi. Na uongee nae kwa sauti ya chini, umwambie mnaelekea wapi, anakusikia.

Hospitali watampa ile TIG kuzuia sumu ambayo haijashika bado, metronidazo kuua bakteria, watasafisha kidonda hata kama kinaonekana kimepona, watampa dawa za kulegeza misuli kama diazepamu na sa ingine magneziamu, na watamweka chumba chenye giza na utulivu. Ndugu hapa tunakosea sana. Sisi tulikuwa tunaingia watu sita tunalia, mchungaji nae anaomba kwa sauti, kila tukipaza sauti shemeji anapinda mgongo, mpaka nesi mmoja akatutoa nje akatueleza kwamba upendo wetu unamuumiza. Ombeni kimoyomoyo au mkiwa nje. Ingieni mmoja mmoja. Simu weka kimya, viatu vya visigino vua mlangoni. Jiandaeni kwa wiki kadhaa za kulala wodini, pangeni zamu na pesa mapema, msitegemee atatoka baada ya siku tatu.

MTOTO MCHANGA, NAOMBA HAPA MSIRUKE

Pepopunda ya mtoto mchanga inaingilia kwenye kitovu. Mtoto anazaliwa vizuri, ananyonya vizuri siku mbili za mwanzo, halafu kuanzia siku ya tatu na kuendelea, wengi ndani ya wiki mbili, anashindwa kunyonya, mdomo unabana, analia kwa kukwama, mwili unakaza ukimgusa. Huo ni mbio za hospitali dakika hiyo hiyo.

Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kwamba imeitokomeza pepopunda ya akina mama na watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii, Kenya nayo ikafuata baadaye. Maana yake wilaya zote zimeshuka chini ya mtoto mmoja kwa kila vizazi hai 1,000. Haimaanishi bakteria ameondoka, yuko kwenye udongo ule ule, ikilegea chanjo anarudi.

Kinga ya mtoto inatoka kwa mama, anampa tumboni. Ratiba ya mwanamke ambaye hajawahi kuchomwa ni hivi: ya kwanza mara anapofika kliniki, ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6, ya nne baada ya mwaka, ya tano baada ya mwaka mwingine. Ya pili iwe imekamilika angalau wiki mbili kabla ya kujifungua. Akimaliza tano analindwa miaka yake yote ya kuzaa. Mwaka 2014 Kenya kulikuwa na mvutano mkubwa, maaskofu wa Katoliki waliitilia shaka chanjo hii kwamba inafunga uzazi, serikali na Shirika la Afya Duniani wakakanusha, na mpaka leo kuna dada zetu wanakimbia sindano kwa maneno yale. Dada yangu ana tano kwenye kadi na watoto wanne.

Kitovu kikatwe na kifaa kisafi kabisa, akijifungulia njiani iwe wembe mpya kutoka kwenye karatasi yake, kifungwe na uzi safi, halafu kiachwe kikavu bila kitu. Bila mavi ya ng'ombe, bila masizi, bila mate, bila poda, bila mafuta. Kama kituo kimekupa jeli yao ya klorheksidini ya kitovu tumia hiyo kama walivyoelekeza, nyingine hapana. Na nepi ikunjwe chini ya kitovu mkojo usikilowanishe.

HATUA YA 6: JICHANJE KABLA HUJAUMIA

Hii ingekuwa ya kwanza ila najua hakuna anayesoma mpaka aumie. Mtu mzima asiyekumbuka anaanza moja: leo, baada ya wiki 4, baada ya miezi 6, na za kukumbushia mwaka na mwaka mbele kama ile ya akina mama. Kwa watoto Shirika la Afya Duniani linashauri jumla ya dozi 6, tatu za uchanga halafu za kukumbushia wakiwa na miezi 12 mpaka 23, miaka 4 mpaka 7, na miaka 9 mpaka 15, wakati ratiba tuliyoizoea wengi inaishia wiki ya 14, kwaiyo ulizia hizo za mbele kwenye kituo chako, wa kike na wa kiume. Ukimsindikiza mkeo kliniki muulize nesi, na mimi naweza kuchomwa hapa? Kama sio hapo atakwambia wapi. Ukipata kadi ipige picha uitunze kwenye simu na umtumie na mtu mwingine mmoja.

Mafundi, ubao ukivuliwa msumari ung'olewe au ukunjwe siku hiyo hiyo kabla haujatupwa chini, mpeni kijana mmoja hiyo kazi kila jioni na ndoo ya kuokotea. Gambuti au viatu vigumu saiti, ndala ziwe za bafuni. Wakulima na wanaosafisha mazizi vivyo hivyo, samadi ni nzuri kwa mahindi lakini mguu wenye nyufa usiingie mtupu. Wenye funza, sakafu ya udongo inyunyiziwe maji na kufagiliwa vumbi lipungue, kila mtu awe na pini yake, mguu uoshwe kwa sabuni kabla na baada, na mwenye funza nyingi apelekwe kituo asafishwe na achanjwe.

Jambo la mwisho ambalo sisi tuliambiwa siku ya kuruhusiwa na nusura tulisahau: kuumwa pepopunda hakukupi kinga. Ile sumu inayotosha kumlaza mtu ni kidogo mno, mwili hata hauisomi. Kwaiyo mgonjwa anaweza kuumwa tena msumari ujao. Kabla hajatoka wodini hakikisha amechomwa chanjo ya kwanza kama hawajamchoma, uondoke na kadi yenye tarehe ya pili. Shemeji ya tatu anachomwa mwezi wa tisa, dada ameiandika kwenye kalenda ya ukutani kwa peni nyekundu.